Taurati, Manabii na Maandiko: Tuvijue Vitabu vya Mayahudi kwa Majina na Mafungu Yake

AlhamduliLlaah, sifa njema zote ni za Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wana watoto wao Kariakoo. Kijana anashuka bandarini Dar es Salaam, anapanga chumba Ilala, anafungua meza ya nguo Mtaa wa Kongo au anaajiriwa dukani Msimbazi. Jirani yake wa meza ya pili ni Mkristo kutoka bara. Mchana biashara ikipoa, mazungumzo yanaingia kwenye dini. Na jioni kijana huyo huyo anasikiliza mihadhara ya mlingano wa dini, ambayo tangu miaka ya 1980 imeenea sana Dar es Salaam, kwanza kwa kanda za kaseti, kisha kwa sidii, na leo kwa simu.

Suali linalowarudia wazazi kutoka kwa vijana hawa ni hili: "Hicho kitabu alichonacho jirani yangu, chenye Mwanzo, Kutoka, Isaya na Zaburi, ndiyo Taurati tunayoiamini sisi? Nikiambiwa Taurati imesema hivi, nikubali au nikatae?"

Suali ni zito, kwa sababu kuamini vitabu ni nguzo katika nguzo sita za imani. Asiyejua kitu hicho ni nini anaweza kukanusha alichoteremsha Allaah, au kusadiki ambacho Allaah Hakukiteremsha. Kabla ya kujibu, basi, lazima tujue Mayahudi wenyewe wanaviitaje vitabu vyao na wanavigawaje.

TANAKH: JINA LENYE HERUFI TATU

Mkusanyiko wote wa vitabu vitukufu vya Mayahudi unaitwa kwao Tanakh. Hilo si neno la kawaida, bali ni herufi za mwanzo za mafungu matatu: T ya Torah, N ya Nevi'im, na K ya Ketuvim.

Aliyesoma chuoni akajua Kiarabu kidogo hatapata taabu hapa, maana Kiibrania na Kiarabu ni ndugu. Nevi'im ni Anbiyaa, yaani Manabii. Ketuvim inatokana na mzizi ule ule wa kataba, kitaab na maktuub, yaani Maandiko. Na Torah ndiyo tunayoiita sisi Taurati. Maana yake katika Kiibrania ni mafundisho au uongozi, ingawa wafasiri wengi wamezoea kusema "sheria".

Mayahudi wana jina jingine pia la vitabu vyao: Mikra, yaani kinachosomwa. Mzizi wake ni ule ule wa iqraa na Qur-aan.

Jina wasilolitumia ni "Agano la Kale". Hilo ni jina la Wakristo, nalo limebeba itikadi yao kwamba lipo Agano Jipya lililokuja baadaye. Myahudi haitambui Injili wala nyaraka za Paulo, kwa hiyo kwake hakuna la kale wala jipya.

FUNGU LA KWANZA: TORAH

Torah ni vitabu vitano tu. Mayahudi huviita kwa neno lililomo mwanzoni mwa kila kitabu, kama sisi tunavyosema Suurat Twaahaa, Yaasiin na Qaaf. Wakristo wa Kiswahili wana majina mengine, yanayotokana na yaliyomo:

1. Bereshit, "Hapo mwanzo". Katika Biblia ya Kiswahili ni Mwanzo.
2. Shemot, "Majina". Kwa Kiswahili ni Kutoka.
3. Vayikra, "Akaita". Kwa Kiswahili ni Mambo ya Walawi.
4. Bamidbar, "Jangwani". Kwa Kiswahili ni Hesabu.
5. Devarim, "Maneno". Kwa Kiswahili ni Kumbukumbu la Torati.

Hili ndilo fungu lenye daraja ya juu kabisa kwao. Katika masinagogi yao husomwa kutoka kwenye gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na limegawanywa katika visomo 54 ili likhitimishwe kila mwaka. Wasamaria, kundi dogo lililobaki Palestina mpaka leo, hawavikubali vitabu vingine vyovyote isipokuwa hivi vitano.

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, inayojulikana kama Union Version, imeviita vitabu hivi "vya Musa", cha kwanza mpaka cha tano. Lakini mlango wa mwisho wa kitabu cha tano, wa 34, unasimulia kufa kwa Nabii Muusa ('Alayhis-salaam), kuzikwa kwake na kuombolezwa kwake. Wanavyuoni wa Kiyahudi wenyewe waliliona jambo hili zamani. Katika Talmud, sehemu iitwayo Bava Batra, wamejadili ni nani aliyeandika aya nane za mwisho, na mmoja wa waliosema alisema ni Yoshua, yaani Yuusha' bin Nuun. Kwa hiyo Muislamu anapouliza suali hili hazushi fitina. Ni suali lililoulizwa ndani ya nyumba yao wenyewe.

FUNGU LA PILI: NEVI'IM

Fungu la Manabii lina vitabu vinane kwa hesabu yao, navyo wamevigawa makundi mawili. Manabii wa Mwanzo ni Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme. Hivi kwa kweli ni tarikh: kuingia Wana wa Israaiil katika nchi, wafalme wao, na kuanguka kwa ufalme wao. Manabii wa Mwisho ni Isaya, Yeremia, Ezekieli, na kitabu kimoja kinachokusanya watu kumi na wawili, kuanzia Hosea mpaka Malaki. Ndani ya hao kumi na wawili yumo Yona, ambaye ni Nabii Yuunus ('Alayhis-salaam).

Hapa pana tofauti ambayo msomaji wetu aitie akilini. Sisi tunawaamini Daawuud na Sulaymaan ('Alayhimas-salaam) kuwa ni Manabii wa Allaah waliohifadhiwa na madhambi makubwa. Vitabu vya Samweli na Wafalme vinawasimulia zaidi kama wafalme, na vinawapachika mambo ambayo imani yetu inayakataa kabisa. Kwa hiyo kitabu kuwekwa katika fungu la "Manabii" hakumaanishi kwamba kila kilichomo kinalingana na tunavyowajua Manabii.

FUNGU LA TATU: KETUVIM

Fungu la Maandiko lina vitabu kumi na kimoja: Zaburi, Mithali, Ayubu, Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri, Esta, Danieli, Ezra pamoja na Nehemia kikihesabiwa kimoja, na Mambo ya Nyakati. Daraja yake kwao ni chini ya Torah na Manabii. Danieli, ambaye Wakristo humweka pamoja na manabii wakubwa, kwa Mayahudi yumo humu. Na kitabu cha Esta kwa Kiibrania hakina jina la Mwenyezi Mungu hata mara moja.

Zaburi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu jina hilo limo ndani ya Qur-aan. Allaah Ametueleza katika Suurat An-Nisaa (163) na Al-Israa (55) kwamba Alimpa Daawuud Zaburi. Na katika Al-Anbiyaa (105) Ametaja kwamba Aliandika ndani ya Zaburi kuwa ardhi watairithi waja Wake wema. Maana iliyo karibu na hiyo inapatikana mpaka leo katika Zaburi ya 37 iliyomo mikononi mwao.

Lakini kitabu wanachokiita Tehillim, yaani sifa, kina nyimbo 150, na wao wenyewe hawasemi zote ni za Daawuud. Katika nakala ya Kiibrania, nyimbo 73 zina anwani inayomtaja yeye. Nyingine zimenasibishwa na Asafu, na wana wa Kora, na Sulaymaan, na ya 90 imenasibishwa na Nabii Muusa. Nyingi hazina jina la mtu. Kwa hiyo anayesema kwa mkato "hizi 150 ndizo alizoteremshiwa Daawuud" amedai ambalo hata wenye kitabu hawalidai.

Wakristo wa Kiarabu huziita nyimbo hizi Mazaamiir. Neno hili tunalijua kutokana na Hadiyth ya Abuu Muusaa Al-Ash'ariy (Radhiya Allaahu 'anhu), pale Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoisifu sauti yake ya kusoma Qur-aan kwa kuifananisha na mizmaar za watu wa Daawuud.

HESABU: 24, 39 AU 46?

Tano, nane na kumi na moja ni 24. Hiyo ndiyo hesabu ya Mayahudi. Waprotestanti wana vitabu 39 katika Agano la Kale, na maneno ni yale yale. Wao wamevikata viwili viwili Samweli, Wafalme na Mambo ya Nyakati, wakamtenga Ezra na Nehemia, na wale kumi na wawili wakampa kila mmoja kitabu chake.

Wakatoliki wana 46. Wao wameongeza saba: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na Wamakabayo viwili. Asili yake ni tarjama ya Kiyunani iliyoanza kufanywa Misri, katika mji wa Iskandaria, karne ya 3 kabla ya Miladi. Wakristo wa mwanzo waliitumia tarjama hiyo, lakini Mayahudi hawakuvitia vitabu hivyo saba katika Tanakh.

Mpangilio nao umebadilika. Tanakh inaanza na Mwanzo na kumalizika na Mambo ya Nyakati. Agano la Kale linamalizika na Malaki, ili lifuatiwe na habari za Nabii 'Iisaa. Vitabu ni vile vile lakini vimepangwa upya kwa makusudio mengine.

Nakala kamili ya Kiibrania ya zamani zaidi iliyobaki iliandikwa karibu mwaka 1008 Miladia, yaani baada ya Hijra kwa karne nne. Mwaka 1947 yalianza kugunduliwa magombo ya zamani zaidi katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Humo vilipatikana vipande vya vitabu vyote vya Tanakh isipokuwa Esta. Wataalamu walikuta sehemu nyingi zinalingana na nakala za baadaye, na nyingine zinatofautiana.

TALMUD SI TANAKH

Wengi huchanganya hapa. Mayahudi wanaitakidi kwamba Nabii Muusa alipewa pia mafundisho ya mdomo. Hayo yalikusanywa mwanzoni mwa karne ya 3 Miladia katika kitabu kiitwacho Mishna. Sherehe na mijadala juu ya Mishna ndiyo Talmud, nazo ziko mbili: ya Palestina na ya Babeli, yaani Iraq. Hivyo ni vitabu vya fiqhi na elimu yao, havimo katika wale 24.

Faida yake kwetu ni hii. Katika Suurat Al-Maaidah (32) Allaah Ametaja Aliyowaandikia Wana wa Israaiil kuhusu mwenye kuiua nafsi moja kuwa ni kama ameua watu wote. Baadhi ya watu hupekua Torah, wasiyaone, wakadhani wamepata hoja. Maneno yenye maana hiyo yamo katika Mishna, katika mlango wa Sanhedrin, tena yakifungamana na kisa kile kile cha watoto wawili wa Aadam. Asiyejua mgawanyo huu hawezi kujua hata pa kutazama.

KUTOKA MOMBASA NA UNGUJA MPAKA UGANDA

Vitabu hivi vimeingia katika lugha yetu kupitia mikono ya watu wa pwani. Mwaka 1844, Mombasa, mmishionari Johann Ludwig Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji. Baadaye Askofu Edward Steere na wenzake wakafanya kazi hiyo Unguja, na Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891, baada ya yeye kufariki. Walikuta Kiswahili tayari kina maneno Taurati, Zaburi, Injili, nabii na mtume, wakayachukua. Ndiyo maana jirani wa Kariakoo anasema "Torati" nasi tunasema "Taurati". Neno ni moja, ila makusudio si mamoja.

Huko Uganda pana kisa cha Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyebatizwa na Waprotestanti. Alisoma Biblia hiyo hiyo ya wamishionari, akaona amri za Sabato na tohara zimo humo waziwazi. Mwaka 1919 akajitahiri yeye na watoto wake, akasema wao sasa ni Mayahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wako karibu na Mbale mpaka leo. Mtu mmoja, kwa kuchukua sehemu moja ya kitabu na kuiacha nyingine, akatoka katika dini moja akaingia nyingine. Mipaka ya kitabu si jambo dogo.

SASA: HIYO NDIYO TAURATI TUNAYOIAMINI?

Tunaamini kwa yakini kwamba Allaah Alimteremshia Muusa Taurati yenye uongofu na nuru, kama ilivyo katika Al-Maaidah (44), na kwamba Qur-aan imekuja kuyasadikisha yaliyotangulia na kuyachunga (Al-Maaidah 48). Tunaamini pia kwamba waliopewa Kitabu walikigeuza, na wapo walioandika kwa mikono yao wakasema kimetoka kwa Allaah (Al-Baqarah 75 na 79).

Ugeuzaji huo ulikuwa kwa kiasi gani? Wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako waliosema matamshi mengi yamebadilishwa, na miongoni mwa waliolisimamia sana jambo hili ni Ibn Hazm wa Andalus, aliyefariki mwaka 456 Hijria. Wako waliosema kilichogeuzwa hasa ni maana na tafsiri. Na wako waliokaa kati: matamshi yamebadilishwa baadhi, na mengi yamebaki. Ibn Al-Qayyim amezitaja kauli hizi tatu.

Kwa hiyo jibu ni hili: vitabu vitano vilivyomo mikononi mwao vina mabaki ya Taurati, lakini hatusemi kwamba kila neno lililomo ndilo lililoteremshwa kwa Muusa. Ama Isaya, Ruthu, Esta na vilivyobaki, Mayahudi wenyewe wanapogawa hawaviiti Torah.

Mizani yake ni tatu. Kinacholingana na Qur-aan na Sunnah tunakisadiki. Kinachopingana nayo tunakikanusha. Na ambacho dini yetu imekinyamazia, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha, kama alivyopokea Al-Bukhaariy, tusiwasadiki Ahlul-Kitaab wala tusiwakadhibishe, bali tuseme tumeamini yaliyoteremshwa kwetu na kwao.

NASAHA KWA VIJANA WETU WA KARIAKOO NA WAZAZI WAO

Kwanza, liite kila jambo kwa jina lake. Katika mihadhara hutajwa sana Kumbukumbu la Torati 18:18, Isaya 42 na Wimbo Ulio Bora 5:16. Ya kwanza imo katika Torah, ya pili katika Manabii, ya tatu katika Maandiko. Ukisema zote tatu ni "Taurati", msikilizaji anayejua atakusahihisha mbele ya watu, na haki uliyoibeba itadharauliwa kwa kosa la jina.

Hata hivyo usimkosoe kwa ukali aliyelitumia neno hilo kwa upana. Al-Bukhaariy amepokea kutoka kwa 'Abdullaah bin 'Amr (Radhiya Allaahu 'anhumaa) sifa za Mtume katika Taurati, na sifa hizo zinafanana na yaliyomo katika Isaya 42. Ibn Taymiyyah amebainisha kwamba neno Taurati huweza kukusudiwa kitabu cha Muusa peke yake, na huweza kukusudiwa vitabu vya Ahlul-Kitaab kwa ujumla. Mayahudi nao wanalo neno Torah kwa maana finyu na kwa maana pana.

Pili, chunga adabu. Imo katika Sunan ya Abuu Daawuud kwamba Mayahudi walipomwita Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) awahukumu, aliagiza Taurati iletwe, akautoa mto aliokalia akaiweka juu yake. Basi si katika mwenendo wetu kukikanyaga kitabu cha jirani wala kukifanyia mzaha, nacho kina majina ya Allaah na ya Manabii Wake.

Tatu, kila mtu ajue daraja yake. Zayd bin Thaabit (Radhiya Allaahu 'anhu) aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa karibu nusu mwezi. Zayd alikuwa mwandishi wa Wahyi. Hiyo ni kazi ya wenye elimu iliyokita, wanaosoma ili wajibu na wabainishe. Kijana ambaye bado hajaifahamu Juzuu 'Amma vizuri asitafute uongofu wake humo wala asijitie kwenye mabishano. Akiulizwa asilolijua, aseme "sijui, nitamuuliza sheikh wangu". Jibu hilo halimpunguzii heshima.

Nne, wazazi tusiwakatae watoto wakiuliza. Mtoto akipiga simu kutoka Ilala akasema "baba, jirani kaniambia hivi", tusimkaripie. Tukimnyamazisha nyumbani atakwenda kuuliza pengine. Mfundisheni mgawanyo huu wa tatu, mwambieni tunachokiamini na tusichokiamini, kisha mumuunganishe na sheikh wa msikiti ulio karibu naye.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu popote walipo, Awaruzuku riziki ya halali, na Awathibitishe katika haki.

Na Allaah Anajua zaidi.